Mwanga wa laptopu haupandi? Usikimbilie kubadilisha kioo

Mdogo wangu unayeanza ufundi hapa Kigoma, utaletewa laptopu za mtumba zenye Linux, na mteja atakuambia, "Fundi, kioo kimekufa, mwanga haupandi." Weka bisibisi chini kwanza. Inaniuma sana mteja anapolipia kioo kiagizwe Dar, asubiri, kisha tatizo libaki palepale.

Mwanga ukikataa kupanda huku picha inaonekana vizuri, shuku njia ya agizo, yaani njia ambayo Linux hupitishia amri ya kubadili mwanga. Giza likianza tangu BIOS, kabla Linux haijaanza, na ukimulika tochi unaona picha kwa mbali, hapo sawa, kagua taa ya kioo na bodi.

Njia za agizo ziko tatu. Ya kwanza ni ACPI, kanuni ya pamoja ya watengenezaji wote: fimuwea (programu iliyomo kwenye bodi) hutaja viwango vya mwanga kwa _BCL, mfumo huchagua kimoja kwa _BCM. Ya pili ni ya mtengenezaji. ThinkPad ina yake, Dell ina yake, na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya huyu haimsaidii yule. Ya tatu haipitii fimuwea, draiva ya grafiki huongoza taa yenyewe.

Kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri, andika ls /sys/class/backlight. acpi_video0 ni ACPI. Nayo intel_backlight ni ile ya tatu. Ukizikuta zote mbili, soma max_brightness (kiwango cha juu) ya kila moja, maana moja huweza kuishia 15 na nyingine ikafika maelfu. Kisha, ukiwa root (msimamizi wa mfumo), andika namba ya katikati kwenye faili la brightness huku unatazama kioo. Usiandike sifuri, baadhi ya mashine huzima taa kabisa. Na usiridhike kwa sababu namba imebadilika: fimuwea mbovu hupokea agizo na taa isitikisike.

Kwa mashine za kuanzia Windows 8, yaani 2012, mimi huanza na njia ya tatu, kwa kuwa ACPI ya mwanga mara nyingi imo lakini haifanyi kazi. Keneli (kiini cha Linux) kuanzia 6.1 huchagua njia moja tu, ila nayo huweza kukosea.

Kujaribu ni rahisi. Kwenye GRUB, menyu inayotangulia Linux kuwaka, bonyeza e, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux ongeza acpi_backlight=native, kisha bonyeza Ctrl+X. Ikigoma, badala ya native jaribu video, halafu vendor. Ukiwasha upya hufutika, kwa hiyo hakuna utakachoharibu. Iliyokubali iandike kwenye /etc/default/grub, na kama ni Ubuntu malizia na sudo update-grub.