Nyaya za Umeme Ndani ya Ukuta: Zipite Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yangu ya matofali imefikia hatua ya kupigwa plasta. Fundi wa umeme anataka kuutoa waya kwenye soketi iliyo karibu na sakafu na kuupandisha mshazari hadi kwenye boksi lililo juu, kona ya pili ya ukuta, kwa hoja kwamba waya utapungua na kazi itaisha upesi. Anasema pia kwamba njia si hoja, kwa kuwa kwenye bodi atafunga kifaa kinachokata umeme unapovuja. Je, nimkubalie? Na waya ulazwe moja kwa moja kwenye plasta au upitishwe ndani ya bomba?

JIBU: Usimkubalie. Ni kweli kwamba njia ya mshazari ni fupi: ikiwa boksi liko mita 3 kando ya soketi na mita 2 juu yake, mshazari utakula mita 3.6 hivi za waya badala ya mita 5. Lakini plasta ikishakauka, mtu atakayekuja kutoboa ukuta huo ili atundike rafu au pazia hatakuwa na dalili yoyote ya mahali waya ulipo, isipokuwa soketi na swichi anazoziona. Kwa hiyo waya unapaswa kwenda wima au mlalo, ulionyooka na soketi au swichi unayoihudumia, ili anayeiona soketi ajue kwamba juu yake, chini yake na pembeni mwake si pa kutoboa.

Kanuni za Uingereza zijulikanazo kama BS 7671 zinaongeza kanda mbili ambamo waya uliofichwa unaruhusiwa kupita hata pasipo na soketi: milimita 150 za juu kabisa ya ukuta, na milimita 150 kutoka kona ambapo kuta mbili zinakutana. Utaratibu huu unahusu waya uliozikwa kwa kina kisichofika milimita 50 kutoka uso wa ukuta, na nyaya nyingi za majumbani ndiko ziliko. Ukuta ukiwa mwembamba, yaani milimita 100 au pungufu, jambo moja husahaulika mno: anayetoboa kutoka chumba cha pili haoni soketi iliyo upande wako, ilhali keekee yake yaweza kuufikia waya uleule.

Kuhusu kifaa cha kukata umeme, fundi wako ana nusu ya ukweli. Kifungwe, na kiwe cha miliampia 30, yaani kinachokata umeme unaovuja ukifika kiasi hicho kidogo, lakini hakichukui nafasi ya njia sahihi; kwa waya wa kina kifupi usio na kinga ya chuma, kanuni hizo zinavitaka vyote viwili. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, kisha hukata pale kinapoona tofauti. Sasa fikiria msumari uliougusa waya wa moto tu ndani ya ukuta mkavu. Hakuna umeme unaovuja wa kutosha, kifaa kinatulia, na msumari unabaki na umeme huku umebeba picha yenye fremu ya chuma. Kitakachokiamsha ni mkono wa mtu atakayeigusa fremu hiyo. Na akigusa waya wa moto na wa nyutro (unaorudisha umeme) kwa pamoja, huku mwili wake haujakutana na ardhi, kifaa hakitaona kasoro yoyote.

Bomba ni bora kuliko kuulaza waya kwenye plasta, ila sababu yake isieleweke vibaya. Bomba la plastiki halizuii msumari wala keekee; faida yake ni kwamba waya ukiharibika, au ukihitaji mnene zaidi, unavutwa bila kubomoa ukuta. Faida hiyo hupotea bomba likijazwa hadi nyaya zikabanana, au likiwa na kona nyingi za mraba. Kona zikizidi mbili kati ya boksi na boksi, kuvuta huwa mateso. Bomba lipindwe kwa mviringo mpana na lisipite bega kwa bega na bomba la maji ya moto, kwa sababu joto huharakisha kuchakaa kwa ganda la waya.

Katika kuchimba ukuta, mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa tofali, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita, kwani mkato mrefu wa mlalo ndio unaoudhoofisha zaidi ukuta unaobeba mzigo. Kabla ya plasta, mwambie fundi apime ganda la nyaya kwa volti 500. Kipimo cha ukinzani wa ganda, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usipenye, kisiwe chini ya megaomu 1 (omu milioni moja). Kisha piga picha kila ukuta huku futi ya kupimia imenyooshwa kutoka sakafuni hadi kwenye bomba, na uzihifadhi picha hizo pamoja na hati za nyumba.

SWALI: Waya umepungua kidogo kabla ya kufika kwenye swichi. Fundi anataka kuuunga, auzungushie tepu, kisha afunike kwa plasta. Je, ni salama?

JIBU: Si salama. Kiungo kikilegea hupata joto kila taa inapowashwa, gundi ya tepu hukauka, na hakuna awezaye kukifikia na kukikaza. Kama waya umo ndani ya bomba, uvutwe utolewe, uingizwe mwingine mzima. Kama haiwezekani, maungio yafanywe kwa konekta ndani ya boksi lenye mfuniko unaobaki ukionekana ukutani, hata kama hupendi sura yake.