Daftari mbele za Mungu: maswali yenu

Mwezi uliopita niliwahimiza wasomaji watenge robo saa kila siku, wakae na daftari na kuandika siku ilivyokwenda, wakijua kwamba Mungu yupo hapo anasikiliza. Maswali yaliyokuja ni mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechukua yale yanayojirudia, pamoja na mawili ambayo sikuweza kuyaweka kando.

Shikamoo mwalimu. Nilinunua kaunta buku nikaanza. Lakini nikirudia kusoma naona ni kama mahubiri ya Jumapili: "Tuwe wavumilivu, tupendane, Mungu ni mwema." Mimi mwenyewe simo humo. Nakosea wapi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Umeliona mwenyewe, na kuliona ndiyo kazi kubwa. Sisi tuliokulia kanisani au madrasa tumeisikia lugha ya dini tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu, na inatutoka kabla hatujafikiri. Mungu ni mwema, hilo ni kweli. Lakini ukiliandika kabla hujasema leo kumetokea nini, linakuficha.

Anza na tukio, funzo liache kwanza. Andika nani alikuwepo, wapi, alisema nini, ukamjibu nini, mwili wako ulikuwaje. Usiandike "leo nimekosa uvumilivu." Andika hivi: "Asubuhi kwenye daladala konda kanirudishia chenji pungufu, mia mbili haipo. Nikamfokea mbele ya abiria. Kumbe ni kijana mdogo. Akainama akaanza kupapasa mifukoni, mkono unatetemeka. Nikashuka najiona nimeshinda."

Hapo umefika. Ile sentensi ya mwisho ndiyo yenye habari zako, na ndiyo ya kukaa nayo mbele za Mungu. Nilikuwa nashindana na nani? Ile mia mbili ilikuwa na uzito gani kweli? Au hasira nilitoka nayo nyumbani? Huenda usipate jibu usiku huo, na usilazimishe.

Kwa wiki mbili za mwanzo jikataze kabisa maneno makubwa: neema, subira, upendo, baraka. Si mabaya hata kidogo. Yatarudi yenyewe, na yakirudi yatakuwa na watu na mambo ya kweli ndani yake.

Kuna tofauti gani na shajara ya kawaida? (Nakuru)

Shajara unajiandikia mwenyewe. Hapa unaye msikilizaji. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, mwishoni mwa karne ya 4 alianza kuandika maisha yake yote kwa kumsemesha Mungu moja kwa moja, tangu wizi wa mapeari alioufanya na wenzake ujanani hadi kifo cha mama yake. Anayekusikiliza anajua tayari, kwa hiyo hakuna haja ya kujipamba. Jaribu kuanza na "Bwana," au "Ewe Mola wangu," uone jinsi sentensi inayofuata inavyobadilika.

Je, simu inafaa? (Wawili wameuliza, Kampala na Dar es Salaam)

Inafaa, ukizima data. Mimi napendelea karatasi kwa sababu mkono huenda polepole na mawazo hulazimika kuusubiri.

Assalamu alaykum. Rafiki yangu Mkristo amenionyesha makala yako. Nimeipenda, lakini nahofia kuingiza ibada isiyo yetu. Hili si jambo la Kikristo? (Mombasa)

Waalaykumu salaam. Kuhusu hukumu ya dini waulize masheikh wako, si nafasi yangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuihesabu nafsi kuna mizizi mirefu sana kwenu. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kwa huko kujihesabu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, ile kazi yake kubwa ya vitabu vingi, kwa ajili ya muraqaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabu. Humo anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: kwanza unapatana naye masharti, kisha unamwangalia akifanya kazi, halafu mwisho wa siku mnakaa kuhesabu faida na hasara. Mtu wa Mombasa aliyewahi kukaa dukani na mshirika hahitaji kuelezwa zaidi. Mimi nimeongeza kalamu tu.

Na pwani yetu imewahi kuifanya kazi hii kwa kalamu, tena kwa Kiswahili. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini hauzinduki, kisha anauchukua na kuupitisha kwenye majumba ya kisiwa cha Pate yaliyokuwa yakimeremeta kwa taa. Yale madaka ya ukutani, yaliyopangwa vyombo vya kaure, yamelaliwa na makinda ya ndege. Angeweza kusema tu kwamba dunia inapita na kila mtu angeitikia. Aliandika daka na ndege aliyelala ndani yake, na karne mbili baadaye bado linamchoma msomaji. Ndicho nilichokuwa namwambia mwenzako wa Dodoma hapo juu.

Mwalimu, mume wangu amelisoma daftari langu. Amekuta nilivyoandika kuhusu mama yake, aliyekuja kukaa nasi tangu mwaka jana. Sasa nyumbani hakuna amani na mimi siandiki tena. (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Pole sana, mama. Nimekaa na barua yako kwa muda.

Hapo kuna mambo mawili na msiyachanganye. Kufungua daftari lako bila ruhusa ni jambo moja. Maisha yako na mama mkwe ni jambo lingine, na linahitaji kuzungumzwa hata kama daftari lisingesomwa. Mtafute mume wako wakati ametulia, mama hayupo karibu, umwambie wazi: "Ulichosoma nilikuwa namwambia Mungu wakati bado nina uchungu. Haikuwa hukumu yangu juu ya mama." Halafu mwambie hilo moja linalokuumiza zaidi, bila kumsomea orodha.

Kuhusu siri: kutaka faragha katika maombi si kumficha mumeo. John Wesley, aliyeanzisha Umethodisti, alianza kuandika kumbukumbu zake za kila siku mwaka 1725 kwa hati ya mkato na alama ambazo wengine hawakuweza kuzisoma. Zilikuja kufumbuliwa karne ya 20. Wewe huhitaji alama. Andika, sali juu ya ulichoandika, kisha uchane ukurasa uwashie jiko la mkaa. Faida uliyoipata haiko kwenye karatasi. Wengi hudhani daftari lisilotunzwa ni kazi bure, na mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Sasa niseme neno ambalo huenda likakuuma, nalisema kwa upendo. Kabla hujachana, pitia kurasa za mwezi mmoja ukipiga mstari kila palipo na jina la mkwe wako, na mstari mwingine kila unapojitaja wewe: ulichofanya, ulichoogopa, ulichotamani. Kama karibu yote ni yake, basi daftari limekuwa jalada la mashtaka. Hutokea kwa urahisi, hasa kwa mtu anayenyamaza mchana kutwa. Si lazima ufute malalamiko, una haki nayo. Lakini ukishaandika "leo amesema mboga yangu haina chumvi mbele ya wageni," ongeza mstari mmoja tu: "na mimi nilipoisikia sauti yake, nilitaka nini?" Huenda ulitaka mume wako akutetee. Hilo sasa ni jambo la kumwambia mume.

Na kama nyumbani kuna vitisho au kipigo, usiandike chochote kinachoweza kukutwa. Sali moyoni, na umweleze mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo.

Bibi yangu anasoma Biblia kwa shida na kuandika ndiyo hawezi kabisa. Amesikia nikisoma makala yako kwa sauti, anasema na yeye anataka. Nimwambie nini? (Bukoba)

Mpe penseli leo hii. Katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, kuna njia isiyohitaji hata neno moja. Mtu anachagua kosa moja tu analotaka kuliacha. Anachora mistari ya siku saba za juma, miwili kwa kila siku. Mchana anapitia saa zilizopita na kuweka nukta kwenye mstari wa kwanza kwa kila alipoanguka. Jioni anafanya vivyo hivyo kwenye mstari wa pili. Kisha analinganisha jana na leo, juma hili na lililopita. Na pale pale anapoanguka, hata akiwa katikati ya watu, anaweka mkono kifuani, na hakuna anayejua.

Mimi ningemwongezea bibi mstari mwingine kwa ajili ya shukrani, hilo si la Ignasi ni langu. Jioni kaa naye mkekani, gusa nukta moja moja umuulize: "Hii ni nani, bibi?" Utasikia: huyu ni jirani aliyeleta senene, huyu ni mjukuu aliyepiga simu.

Bibi asijione anapewa kitu cha watoto. Katika sehemu ya kumbukumbu za Ignasi mwenyewe iliyobaki, ya mwaka 1544 na 1545, ziko siku ambazo hakuandika zaidi ya alama kuonyesha kwamba alitokwa na machozi wakati wa Misa.

Mama yangu alifariki Februari. Nikifungua daftari naandika "kwa nini" halafu nalifunga. Naona imani imeniisha. (Hakutaka kutaja alipo)

Pole, pole sana. Miezi hii ndiyo migumu, watu wameshatoka msibani na simu zimepungua.

"Kwa nini" ni sala iliyokamilika. Zaburi ya 88 inalalamika mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani, bila mstari wa sifa wa kufungia, na waliozikusanya Zaburi hawakuiondoa. Basi andika hilo neno kila siku ukitaka, na ufunge daftari. Usitafute funzo la kifo cha mama. Wakija watu na mafunzo yao, wasikilize kwa adabu na usiyaandike.

Siku utakapopata nguvu kidogo, andika kitu kimoja chake: alivyokuwa akifunga fundo la pesa kwenye pindo la khanga, jina alilokuita ulipokuwa mgonjwa, alivyoonja mchuzi kiganjani. Kimoja kinatosha.

Lakini kama hulali, huli, au yanakujia mawazo ya kutotaka kuishi, usibaki peke yako na daftari. Mwambie mtu leo, na muende pamoja hospitali.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu zinabadilika kila juma. Usiku naingia nyumbani nimechoka hoi. Robo saa yako naitoa wapi? (Mwanza)

Achana na robo saa. Na achana na saa maalumu pia, maana ratiba yako haina saa. Fungamanisha kuandika na jambo unalolifanya kila zamu: umevua sare, umenawa, kabla hujalala, mistari mitatu. Mgonjwa mmoja bila jina lake, neno moja ulilosema au uliloshindwa kusema, na ombi.

Dag Hammarskjöld alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1953 hadi ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, Septemba 1961, akienda kutafuta usitishaji wa mapigano ya Katanga, huko Kongo. Nyumbani kwake New York ulikutwa mswada pamoja na barua aliyoeleza humo kwamba ni kumbukumbu ya majadiliano yake na nafsi yake na Mungu. Ulichapishwa mwaka 1963. Kazi yake ya dunia nzima karibu haitajwi humo, na sehemu nyingi ni za mistari michache tu. Alikuwa na shughuli kuliko wewe na mimi, akaandika kwa kadiri alivyoweza.

Ukiruka siku, au juma zima la zamu za usiku, usikae kuandika ya nyuma ili kufidia. Andika tarehe ya leo uendelee na ya leo.