Yadi ya kreni zisizo na dereva: anza na muda wa kreni, si nafasi

Aliyezoea yadi ya makontena yenye kreni za matairi, kama za Mombasa au Dar es Salaam, akipanga ya kreni zisizo na dereva huanza na nafasi. Tuseme TEU (kipimo cha kontena la futi 20) 600,000 kwa mwaka, kila moja ikikaa siku 6: yadini kutakuwa na wastani wa TEU 9,900. Zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya msimu wa msongamano, upate 12,300. Bloku, yaani rundo kubwa la makontena lenye kreni zake, yenye safu 10, urefu wa TEU 37 na kimo cha makontena 5 inabeba 1,850 kwenye karatasi. Ukiijaza asilimia 75, ni 1,390. Basi bloku 9 zinatosha.

Hazitoshi. Kreni 5 za gatini zikishusha kutoka melini makontena 30 kila moja kwa saa, ni 150. Kreni ya bloku ikimudu 15 upande wa bahari, zinahitajika bloku 10, tena kabla hata moja haijaharibika, na meli haigawi mzigo sawasawa. Weka 12.

Usikimbilie kupandisha kimo. Ukihitaji kontena lolote kwenye rundo la 5, kwa wastani mawili yamelala juu yake. Kwenye rundo la 4 ni moja na nusu. Hayo yote ni kazi isiyolipwa.

Altenwerder, kituo cha makontena cha Hamburg, Ujerumani, kilichofunguliwa 2002, kililaza bloku zikiwa pembe mraba na gati. Magari yasiyo na dereva huishia ncha ya bahari, malori ya nje ncha ya bara, hayakutani. Gharama yake ni safari: bloku ya mita 240, kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, ni dakika nzima bila kuhesabu kuanza na kusimama. Pale kreni mbili za kila bloku hazilingani kimo, kubwa hupita juu ya ndogo. Zikilingana hazipishani, kwa hiyo kontena huachwa katikati na kubebwa mara mbili.

Kama mzigo mwingi ni wa meli hadi meli, mpango huo haufai: kreni ya bara italala huku ya bahari ikielemewa. Hapo laza bloku sambamba na gati, magari yapite ubavuni.

Makontena ya baridi huhitaji fundi wa soketi. Yaweke ncha moja, kando ya ngazi za fundi zenye mlango unaosimamisha kreni ukifunguliwa, lakini yatawanye kwenye bloku kadhaa. Yakirundikwa kwenye bloku moja, fundi mmoja akiingia, mzigo wote wa baridi unasimama.