Maswali ya Wasomaji: Posta ya Wajerumani Lamu na Nyumba za Aina Yake

Toleo lililopita lilibeba picha ya Posta ya Wajerumani iliyoko Lamu, ambayo siku hizi ni makumbusho. Haya ni baadhi ya maswali yaliyotufikia baada ya hapo.

Wajerumani walifuata nini Lamu hata wakafungua posta? Na jengo walilijenga wao? (Msomaji, Malindi)

Walifuata Witu, iliyoko bara. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipatana na Sultani Ahmed wa Witu, na Ujerumani ikauweka usultani huo chini ya ulinzi wake. Mizigo na barua za Witu zilipitia bandari ya Lamu, basi posta ikafunguliwa hapo tarehe 22 Novemba 1888. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliwaachia Waingereza Witu, na katika mapatano hayohayo ikapata kisiwa cha Helgoland. Machi 1891 posta ikafungwa.

Ujerumani wa jengo hilo uko kwenye jina tu. Ni nyumba ya Kiswahili: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti. Ukiingia nyumba yoyote ya aina hii, tazama vyumba: ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko ikizidi mita 3 hivi huanza kupinda chini ya uzito wa dari. Mwenye nyumba alitaka ukumbi mpana asitake, mkoko ndio ulioamua.

Nyumba yetu ya zamani, Mkomani, ilipigwa lipu ya saruji. Sasa lipu inabanduka mapande kwa mapande, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Fundi anasema saruji ilikuwa kidogo, tuongeze. Tumsikilize? (Msomaji, Lamu)

Msimsikilize. Saruji ndiyo iliyowaharibia.

Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na maji hayo yana chumvi. Chini ya lipu ya chokaa maji hupenya hadi nje yakakauka, na chumvi hubaki juu juu, ikaanguka pamoja na chokaa ya zamani. Ndiyo maana nyumba hizi zilipakwa chokaa mara kwa mara. Haikuwa urembo peke yake. Saruji huziba njia hiyo. Maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe, nyuma ya lipu. Ikiganda hutanuka, jiwe likasagika. Mkiongeza saruji mtapata lipu ngumu zaidi inayoanguka na kipande kikubwa zaidi cha ukuta.

Saruji itolewe kwa nyundo na patasi ya mkono. Mashine ya kubomolea hutikisa ukuta mzima, na matumbawe ni jiwe laini. Kazi hiyo ifanyeni mwanzoni mwa kaskazi, ukuta ukae wazi ukikauka, na kila wiki mfagie chumvi inayochomoza kwa brashi kavu. Msiioshe kwa maji, itarudi ndani.

Wakati ukuta unakauka, chokaa iloweke kwenye pipa, maji yaifunike kabisa. Miezi 3 ni kiasi kizuri, ikizidi ni bora. Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa hiyo nzito kwa ndoo 3 za mchanga mkali, yaani wenye chembe za kukwaruza. Mchanga wa ufuoni hapana, na maji ya kisima chenye chumvi hapana. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri bila kujua. Vaeni glavu na miwani, chokaa mbichi huunguza macho.

Lowesheni ukuta kwanza, kisha mpige lipu ya unene wa milimita 10 hadi 12, na muichore mistari ili ya pili ishike. Ya pili ingoje mpaka kidole gumba kisizame ila ukucha uache alama. Ya mwisho iwe nyembamba, milimita 3 hadi 5, ya mchanga uliochekechwa. Kila mkono wa lipu ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa wiki nzima. Upepo ukiikausha lipu mapema itapasuka nyufa nyembamba na kubaki unga, na hapo ndipo watu hukimbilia kusema chokaa haifai. Malizieni kwa chokaa iliyozimuliwa ikawa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5. Rangi ya plastiki huziba ukuta sawa na saruji.

Kabla ya yote hayo, pateni kibali. Mji wa Kale wa Lamu unalindwa kisheria, na tangu 2001 umo katika Urithi wa Dunia. Mwanzo wa safari ni Makavazi ya Taifa ya Kenya, chini ya sheria ya makavazi na turathi ya 2006.

Dari inavuja. Tumwage zege juu? (Msomaji, Lamu)

Pigeni hesabu kwanza. Chumba cha mita 3 kwa 6, zege la sentimita 5: hizo ni takriban tani 2 juu ya boriti ambazo tayari zimebeba mawe na chokaa. Na maji yaliyokwisha kuingia yatafungiwa humo.

Boriti huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Chomeni kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kwa urahisi, ibadilishwe. Wekeni nguzo za kuegemeza kwanza, na chini yake nguzo nyingine hadi ardhini, la sivyo mzigo utaangukia sakafu ya kati. Badilisheni boriti moja moja. Ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa pembeni, isizibwe kwa saruji. Mikoko haikatwi ovyo. Muulizeni muuzaji kibali chake cha Shirika la Misitu. Halafu sakafu ya juu irudiwe kwa chokaa na kokoto za matumbawe, ishindiliwe vizuri, iwe na mteremko, na mfereji wa kutolea maji utokeze mbali na ukuta. Nyumba nyingi huvuja kwa sababu ya mfereji ulioziba tu.

Nimeuziwa barua yenye muhuri wa posta hiyo. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji, Mombasa)

Anza na tarehe: lazima iangukie kati ya Novemba 1888 na Machi 1891. Stempu iwe ya kawaida ya Dola ya Ujerumani ya miaka hiyo. Kisha tazama kwa lenzi kama wino wa muhuri umevuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye bahasha bila kukatika. Ukikatika ukingoni, stempu huenda ilibandikwa baadaye. Usiibandue kuhakikisha, usiitie leminesheni, na usiining'inize mahali penye jua. Bahasha nzima ina thamani kuliko stempu iliyobanduliwa, na kwa muhuri wa posta iliyofanya kazi muda mfupi hivyo, mpelekee mtaalamu wa stempu za makoloni ya Kijerumani kabla hujamlipa muuzaji salio.