Maswali ya wasomaji: Masihi wa Bwana, daftari la sadaka na kiwanja

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Tulichanga mwaka mzima ili kuezeka kanisa. Nilipouliza mapato na matumizi, mchungaji alinisomea Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", akasema nisipotubu nitapata pigo. Sasa hata kwenda ibadani naogopa. Je, nimemkosea Mungu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Asifiwe sana, mpendwa. Hujamkosea Mungu, na usiache ibada.

Isome Zaburi hiyo kuanzia mstari wa 9. Masihi hapo ni watu waliopakwa mafuta, yaani waliotengwa na Mungu, na wanaosemwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga. Waliokemewa wasiwaguse ni wafalme, na mstari wenyewe unaeleza kugusa ni nini: "wala msiwadhuru nabii zangu".

Sasa nenda Mwanzo 20. Abimeleki, mfalme wa Gerari, amemchukua Sara kwa sababu Ibrahimu alisema ni dada yake. Mungu anamtokea mfalme katika ndoto, anamwamuru amrudishe, na hapohapo anamwita Ibrahimu nabii (mstari wa 7). Kulipokucha, Abimeleki akamwita huyo nabii akamhoji: umetutenda nini? Ibrahimu hakumtishia kwa pigo, alijieleza. Mstari wa 18 unasema wazi kwamba nyumba ya mfalme ilipigwa kwa ajili ya Sara. Kwa hiyo hata katika kisa ambacho Zaburi inakikumbuka, masihi wa Bwana alihojiwa na akajibu.

Daudi naye, katika 1 Samueli 24, alikataa kumuua mfalme Sauli pangoni kwa kuwa ni masihi wa Bwana, lakini alipotoka nje alimweleza kosa lake mbele ya watu elfu 3 ambao Sauli alikuja nao. Mkono aliuzuia, mdomo hakuuzuia.

Kuhusu fedha, Paulo alikuwa mtume, na bado mchango wa kuwasaidia waumini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, ili asiwepo wa kuwalaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Anayetaka kumfuata Paulo ahakikishe sadaka inahesabiwa na watu wawili au zaidi wasio wa nyumba moja, inaandikwa daftarini siku hiyohiyo, na wote waliohesabu wanatia sahihi.

Wewe anza kwa mhazini, kwa upole, na uulize jambo mahususi: kilichokusanywa ni kiasi gani, mabati yamenunuliwa mangapi, risiti ziko wapi. Usipojibiwa, nenda na mshirika mmoja au wawili kwa wazee wa kanisa. Wengi huharibu hapa: wanaanza na kundi la WhatsApp, na kabla ya jioni swali limegeuka kuwa tuhuma ya wizi. Kuomba hesabu si kushtaki. Tuhuma dhidi ya mzee ina utaratibu wake: lazima wawepo mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19).

SWALI: Luka 10:19 inasema "nimewapa amri ya kukanyaga nyoka na nge". Wengine husema ni mamlaka. Lipi sahihi? – Mwana kwaya, Mombasa

JIBU: Yote mawili. Neno la Kigiriki ni moja, eksusia, maana yake haki ya kutenda uliyopewa na mwenye nayo. Biblia ya Union ya 1952 imelitafsiri "mamlaka" katika Mathayo 28:18, "amri" katika Luka 10:19 na Marko 1:22, na "uwezo" katika Yohana 1:12. Nguvu ni neno jingine, dunamis. Askari wa barabarani hana nguvu za kusukuma lori, ila akinyoosha mkono linasimama, kwa sababu ametumwa. Akivua sare akajitungia sheria zake, lori halimtii tena. Hata Paulo aliandika kwamba mamlaka yake alipewa na Bwana apate kuwajenga watu, wala si kuwaangusha (2 Wakorintho 10:8).

SWALI: Nabii ameniambia Mungu anataka niuze kiwanja nilete fedha madhabahuni kabla ya Jumapili. Nikikataa, namkataa Mungu? – Baba wa watoto watatu, Mwanza

JIBU: Hapana, ndugu. Unabii haumezwi mzimamzima: mmoja akinena, wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29). Haraka hiyo ya "kabla ya Jumapili" inakunyima nafasi ya kupambanua, na hilo peke yake litoshe kukusimamisha.

Kuhusu kiwanja, soma Matendo 5:4 taratibu. Anania aliuza chake, akaficha sehemu ya fedha huku akijifanya ameleta zote. Petro alimkemea kwa uongo. Lakini alimwambia pia kwamba kabla ya kukiuza kilikuwa mali yake, na baada ya kukiuza thamani yake ilikuwa katika "uwezo" wake. Neno la Kigiriki hapo ni eksusia ileile: mamlaka juu ya fedha za kiwanja yalikuwa ya Anania, na mtume aliyaheshimu. Kaa na mama watoto, ombeni, mwite mzee mmoja mnayemwamini asiyefaidika na mauzo hayo. Hati ibaki sandukuni.