Kwa mnaoanza na akina Mishima pale Mwanga

Wadogo zangu wa Mwanga na Ujiji, kila jioni kwenye vibanda vya gemu kilio ni kilekile. Mtu anamchukua Kazuya, anachapwa. Anahamia kwa Heihachi, anachapwa. Anamalizia kwa Devil Jin, kisha anaiweka pedi chini na kusema ni mbovu. Hao ndio ukoo wa Mishima kwenye Tekken 7, gemu ya kupigana: Heihachi ni baba, Kazuya mwanawe, Devil Jin mjukuu. Wana ngumi moja ya umeme, lakini kazi zao ni tatu. Ukimchukua yeyote bila kujua kazi yake, unabeba udhaifu wake tu.

1. Ngumi ya umeme. Mishale ya pedi kwanza: mbele, achia, chini, halafu chini-mbele pamoja na kitufe cha pembetatu. Hilo neno "pamoja" ndilo linalotumaliza. Gemu inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, na chini-mbele na pembetatu lazima viingie kwenye fremu ileile moja. Ukiwahi, ngumi inatoka na cheche za umeme; ukichelewa kidogo tu, ngumi inatoka vilevile bila cheche, mkono unapanda vilevile, nawe unaridhika. Kosa hili tumelifanya wote, waliotangulia na mnaokuja, na linauma kwa sababu halionekani kwa haraka. Ikitoka na cheche, mpinzani akikinga unawahi kuwa huru kabla yake kwa fremu 5: ukipiga pigo linalochukua fremu 14 kufika, unaiwahi ngumi yake ya fremu 10. Isipokuwa na cheche, akikinga wewe ndiye uliye nyuma kwa fremu 10, na ngumi yake hiyohiyo ya fremu 10 inakukuta huna la kufanya. Naye akiwa na Mishima, atakujibu mraba, mraba, pembetatu, na zote zinaingia. Basi mtu akipigwa hivyo mara mbili anapandwa na hasira, anaongeza kasi ya vidole, cheche zinazidi kupotea, anapigwa zaidi, na kibanda kizima kinamshangilia mwenzake. Jamani, punguzeni kasi! Ingieni kwenye mazoezi, washeni orodha ya vitufe pembeni ya skrini, msome mstari kwa mstari. Mshale wa chini-mbele ukikaa peke yake na pembetatu ikaja mstari unaofuata, umechelewa. Pigeni kumi mkiwa upande wa kushoto na kumi upande wa kulia, maana mishale inageuka, na wengi wenu umeme wenu unatoka upande mmoja tu. Na hata yenye cheche ni ngumi ya juu: mtu akichuchumaa inapita kichwani.

2. Kazuya ni wa kubahatishisha. Mwendo uleule wa umeme, ukibonyeza duara badala ya pembetatu, unatoa mfagio wa miguuni. Mpinzani akimwona anateleza kuja, lazima achague kusimama au kuinama, na akikosea anaanguka. Lakini mfagio ukikingwa, utarushwa juu na kupigwa kombo nzima, yaani mapigo mfululizo ukiwa hewani, kwa hiyo usifagie mara tatu mfululizo kwa mtu aliyekwisha kuinama. Adui yake mkubwa ni mpinzani anayempitia kwa kuzunguka kwenda upande wa kushoto wa mpinzani mwenyewe. Ukikinga pigo la chini, inuka na mraba, pembetatu: fremu 13, na mtu anaruka juu.

3. Heihachi anataka subira. Ngumi zake za katikati ni nzuri na ukutani anaumiza kweli, ila mapigo yake ya chini ni hafifu. Mpinzani akishalijua hilo anasimama tu na kukinga.

4. Devil Jin si Jin wa kawaida aliyeongezewa mabawa tu, na hapa nawasihi msikie. Jin wa Tekken 3 alipigana kwa mikono ya ukoo. Kwenye Tekken 4, mwaka 2001, akapewa karate, na Tekken 5 ndiyo iliyomleta Devil Jin na ile mikono ya zamani. Kwa hiyo vidole vilivyozoea Jin haviwezi kuhamia tu. Devil Jin ana umeme, mfagio, kuruka na mwale wa macho, na wengi mnaanzia kwenye mwale. Uacheni, mtu akikwepa pembeni umejianika. Anayependa kujihami amchukue Jin wa kawaida: nyuma pamoja na mraba na X, anaupangua mkono au mguu unaokuja juu au katikati.

5. Pedi. Kuna siku ni mbovu kweli: ukibonyeza chini-mbele, kwenye orodha unatokea mshale wa chini peke yake. Ya PS4 ina skrubu nne za nyota nyuma. Fungua taratibu usikate utepe wa ndani, futa chini ya raba ya mishale kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, funga, kisha rudi kwenye mazoezi uutazame mshale huo kabla ya kumwita mtu mezani.