Kipato cha msingi, si cha "kimsingi"

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, anauliza: vyama vinavyotaka kila raia alipwe fedha na serikali mara kwa mara, awe na kazi asiwe nayo, vinaunga mkono "kipato cha msingi" au "kipato cha kimsingi"?

Cha msingi. Kama shule ya msingi, kama mahitaji ya msingi. "Kipato" limetokana na "pata", halina mgogoro. Mgogoro ni hiyo "ki" ya pili. Chakula cha mtoto ni uji wake. Mambo ya kitoto hufanywa hata na mzee mwenye ndevu. "Ki" hiyo huleta mfanano. Kipato cha kimsingi, basi, ni fedha zinazofanana na msingi, na mfanano hauivishi ugali.

Na maadamu "kimsingi" limetajwa, niseme linaloniudhi miaka yote. Msemaji wa chama akishika tu kipaza sauti: "Kimsingi tunaunga mkono." "Kimsingi tumelipokea." Mtazameni fundi anayejenga kwenye mteremko pale Kigoma mjini. Hapandishi tofali hata moja kabla hajavuta kamba, hajachimba mtaro mpaka jembe ligonge udongo mgumu, hajapanga mawe na kuyajaza zege. Fedha nyingi ya mwenye nyumba inazama ardhini, mahali ambapo mgeni hatapaona. Huo ndio msingi: kitu kilichokwisha kulipiwa! Wanasiasa wamelichukua neno hilo wakalipa maana ya kitu ambacho hakijaanza.

Kanada, Aprili 2021, wajumbe wa mkutano mkuu wa chama cha Liberal walipitisha azimio la kuunga mkono kipato cha msingi kwa wote. Chama hicho ndicho kilichokuwa madarakani, na malipo hayo hakikuyaanzisha. Hapo ndipo "kimsingi" hufanya kazi yake. Uswisi mwaka 2016 waliwaitia wananchi kura ya maoni kuhusu malipo kama hayo, na takribani asilimia 77 ya waliopiga kura wakakataa. Hao nawaheshimu zaidi. Hapana yao haikutanguliwa na kimsingi.

Wengine huandika "kipato kilichohakikishiwa". Hapana. Anayehakikishiwa ni mtu, kipato huhakikishwa.

"Kinasapoti" nimechoka kupigana nalo, limeshafika mpaka soko la samaki. Ukiniandikia kwamba chama fulani kinasapoti kipato cha msingi, nitasoma na kupita. Ukianza na "kimsingi", nitakurudishia barua.